Kifaru Mmoja wa Mapasa Wawili

Ugoro wa Bibi ulikuwa na harufu ya kumwamsha maiti na kumdai habari za alikotoka. Mpaka leo nikipita sokoni Shinyanga mjini, kwenye meza za wauza tumbaku, pua yangu inageuka kabla ya miguu na kunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ibadakuli, kwenye nyumba ya Bibi yenye giza la ubaridi. Mle ndani, chini ya kitanda cha kamba, kulikuwa na kopo la bati lililojaa ugoro, na chini ya ugoro alilala kifaru. Bibi akifungua kopo lile tu, sisi wajukuu tulitokwa na machozi. Akipiga chafya, kuku walihama mji. Nina hakika kuna ndege iliyowahi kuzunguka juu ya uwanja wetu mara mbili ikisubiri Bibi amalize. Kifaru mwenyewe alikuwa picha kwenye sarafu moja, kubwa kuliko kizibo cha soda, nzito kama neno la baba mkwe, na nyeusi kama sufuria ya msibani. Mwaka ule tulipomaliza darasa la saba, sarafu hiyo ilitoka kwenye ugoro na kututembeza nchi nzima, na mimi tangu siku hiyo sijawahi kuelewa vizuri kitu kinachoitwa bei.

Mimi ni Doto. Kulwa alitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata baadaye kidogo, na Bibi alisema nilichelewa kwa sababu nilikuwa namalizia maongezi. Kwetu Usukumani mapacha, mapasa kama wazee walivyotuita, wana masharti yao. Anachopewa Kulwa apewe na Doto, siku hiyohiyo, kwa kipimo hichohicho; ukimpa mmoja kiazi ukamnyima mwenzake, mmoja akiugua lawama ni yako mpaka kaburini. Siku tuliyotolewa nje, kwa mujibu wa Mama, ungo uliwekwa mlangoni na majirani wakapita wakiimba zile nyimbo za mapacha ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu zina matusi ya kufukuza mvua. Kila aliyepita alitupia zawadi mbilimbili: mayai mawili, shanga mbili, shilingi mbili. Ndipo akapita mpima ardhi mmoja, mgeni kabisa, aliyevutwa na kelele. Alicheka, akaguswa, akachomoa kwenye begi lake kikasha cha plastiki angavu chenye sarafu ndani, akakiweka kwenye ungo. Akasema hii ni sarafu ya ukumbusho, itunzeni, itakuja kuwa na thamani. Kisha akaenda zake. Moja. Wimbo ukakatika, watu wakatazamana. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alituachia ugonjwa.

Bibi aliitia kwenye ugoro siku ileile. Kuitupa hakuweza, maana ni zawadi; kumpa mmoja wetu hakuweza, maana ni moja. Kikasha cha plastiki tulipewa sisi tulipoanza kutambaa, kwa kuwa kilifunguka vipande viwili na kila mmoja akapata chake, na kwa miaka mingi tulikitumia kuwanyweshea uji wanasesere wetu wa magunzi. Sarafu ikabaki huko gizani, ikageuka nyeusi, na watu wazima wakabaki wanabishana juu ya neno moja la yule mgeni. Ukumbusho wa nini? Mama alisema ni wa kuzaliwa kwetu. Baba alisema haiwezekani, kwa sababu mwaka ulioandikwa pale ulikuwa wa zamani, yeye mwenyewe akiwa mtoto mchunga ng'ombe. Bibi alisema labda ni ukumbusho wa kifaru, kwamba alikufa. Penye wengi pana mengi, na sisi tulikuwa na mengi kupita kiasi.

Basi matokeo ya darasa la saba yakatoka, na mapasa wote wawili tukachaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ungedhani ni furaha. Ilikuwa furaha kwa muda wa kuchemsha chai, kisha Mama akaketi kwenye kinu na kushika shavu. Baba alikuwa amerudi kutoka Katoro, ambako alikuwa anashuka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu yanayoingia ardhini mpaka mtu anasikia harufu ya kesho. Alirudi na akiba. Akiba hiyo iliweza kupeleka shule mtoto mmoja: ada, sare, viatu, madaftari. Mtoto mmoja. Baba alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mmoja aanze, mwingine atafuata mwakani Mungu akijalia. Bibi alikuwa anapeta mtama. Aliacha kupeta.

"Nani aanze?" akauliza.

Baba akatazama juu ya paa kama fundi.

"Nakuuliza wewe, mwanangu, ng'wanawane. Nani?"

Bibi akaingia ndani, tukasikia kopo linafunguliwa, kuku wakaanza kuhama. Akatoka na sarafu mkononi, akaigonga kwenye ukingo wa ungo ugoro umwagike, akasema kwamba kama ina thamani kama mgeni alivyosema, basi huu ndio wakati wake wa kuisema. Ilipaswa kumlipia mtoto wa pili. Hilo tu ndilo tulilohitaji kwake, hatukuitaka itutajirishe.

Jambo la kwanza tulilofanya ni lile ambalo kila mama wa Kisukuma angelifanya kwa kitu cheusi. Mama aliichukua sarafu, akachota majivu na mchanga, akaisugua kwa gunzi mpaka jasho likamtoka. Aliisugua kama sufuria ya harusi. Kifaru akang'aa, akang'aa kweli, mpaka ukimwelekeza juani mbuzi wanafumba macho, ila ngozi yake iliyokuwa na mikunjo mizuri ikawa laini kama ya ndama, na pua ya rais upande wa pili ikapungua kidogo. Sote tulipiga makofi. Baba naye akaja na vipimo vyake vya machimboni: akaleta sumaku ya spika ya redio mbovu, haikuvuta, akaidondosha juu ya jiwe, ikalia sauti ndefu, nyembamba, tamu, iliyokaa hewani kuliko kawaida. Sisi watoto tuliomba aidondoshe tena. Akaidondosha tena. Kila alipoidondosha ilipata kovu jipya na sisi tukapata wimbo.

Asubuhi iliyofuata Bibi alivaa khanga zake mpya tukaenda dukani kwa Mangi, wote watatu, kwa sababu mapasa hawaachwi nyuma mmoja. Mangi alikuwa mtu wa hesabu, duka lake lilikuwa na kila kitu kuanzia misumari mpaka dawa ya minyoo. Aliigeuza sarafu, akaikwaruza kwa ukucha, kisha akafungua droo akatoa hamsini ya kawaida, ile ya njano yenye kona kona, akaziweka sambamba juu ya kaunta.

"Zote hamsini," akasema. "Zote kifaru. Lakini Bibi, tazama. Kifaru wangu ana mtoto wake pembeni. Wako yuko peke yake. Hii umeipata wapi?"

"Kwenye kopo."

"Basi irudishe kwenye kopo. Sijawahi kuiona. Ila kwa heshima yako, shikamoo yako, nakupa pipi."

"Ngapi?"

"Hamsini ni pipi moja, Bibi."

Bibi alimtazama Mangi, akatutazama sisi wawili, akamtazama Mangi tena kwa jicho ambalo lingekausha bwawa. Pipi moja, mbele ya mapasa. Akaichukua sarafu yake akatoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa akinung'unika kwamba sasa anaelewa: hata huyo kifaru hana mwenzake, ndiyo maana mambo hayaendi.

Wiki hiyohiyo akaja Mjomba Masanja, kaka yake Mama, mpakiaji wa mizigo kule Isaka, kwenye bandari kavu yetu ambako hakuna bahari wala hata dimbwi, lakini habari za dunia nzima zinashushwa hapo pamoja na makontena. Mjomba aliposimuliwa, alipiga goti lake kofi. Dereva mmoja wa malori, akasema, alimhadithia kwamba ng'ambo kuna watu wananunua hela kwa hela nyingi kuliko hela yenyewe.

"Wana wazimu?" Bibi akauliza.

"Wana nafasi, Bibi. Hasa hela zenye wanyama. Huyu kifaru anaweza kuwa lori."

"Lori zima?"

"Na tela lake."

Sasa fikiria. Jumanne kifaru ni pipi, Ijumaa ni lori na tela. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini sisi tuliachwa vipara. Kulwa na mimi tulilala tukigawana lori: yeye kichwa, mimi tela, kisha tukabadilishana kwa sababu tela haliendi lenyewe. Baba hakulala. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba huko Katoro kulikuwa na mtu ambaye riziki yake ni kutazama kitu kidogo kinachong'aa na kukitajia bei, naye hajawahi kushindwa.

Tulisafiri Baba, Bibi na sisi wawili, michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu na sarafu kwenye pindo la khanga ya Bibi, imefungwa mafundo mengi hata mwizi angehitaji likizo. Katoro ilitupokea kwa kishindo. Sijawahi kuona mahali palipojaa haraka namna ile: bodaboda zilizobeba watu watatu na godoro, karasha zikisaga mawe mchana kutwa kwa mlio unaoingia mpaka kwenye meno, vumbi jekundu juu ya mandazi, wanaume waliokuwa na matope mpaka kwenye kope wakinunua simu mbili kwa mpigo. Hapo dhahabu ilikuwa kitu cha kila siku kama dagaa. Mtu alikuja na kijikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua, akapewa noti, akaenda kula kuku. Niliwaza moyoni kwamba watu wa mji huu wasipojua thamani ya sarafu yetu, basi hakuna ajuaye.

Mtu wetu aliitwa Limbu, mnunuzi wa dhahabu na fundi wa pete, mwenye tumbo la heshima na kidole gumba kilichobadilika rangi kwa tindikali. Alimwamkia Bibi vizuri, akatukalisha kwenye benchi, akawasha taa ndogo. Mizani yake ilikuwa imezoea chembe. Wanunuzi wa pale walipokuwa hawana mawe ya kupimia waliweka njiti za kiberiti upande mmoja na dhahabu upande wa pili. Alipoweka kifaru wetu, kisahani kilianguka chini kama mlevi. Limbu akacheka, akaleta mizani ya nyama kutoka kwa jirani. Kisha akaisugua sarafu ukingoni kwenye jiwe lake jeusi, ikaacha mstari mweupe, akadondosha tindikali juu ya mstari, akautazama unavyobadilika. Hakuridhika. Akachukua tupa akachimba kijishimo kwenye ukingo wa sarafu, karibu na mkia wa kifaru, kwa sababu machimboni hakuna anayeamini ngozi ya kitu. Watu walishauziwa shaba iliyopakwa dhahabu mpaka wakajifunza kutazama utumbo kwanza. Akadondosha tindikali mle ndani pia. Halafu akaegemea ukuta.

"Ni madini ya fedha," akasema. "Ya kweli. Nje na ndani."

Baba akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani mwake tangu Ibadakuli.

"Ila Baba Kulwa, fedha kwangu mimi ni uchafu. Mkileta dhahabu hapa yenye fedha ndani, si huwa nashusha bei? Basi hii yote ni kile kinachoshusha bei. Kinashushia nini sasa, wakati chenyewe kiko peke yake?"

"Uchafu?" Bibi akasema. "Uchafu wako una picha ya rais?"

"Bibi, rais haonekani kwenye mizani. Nikiiyeyusha anapotea."

Akataja bei ya uzito. Iliweza kununua viatu vya mtoto wa pili. Viatu, bila soksi. Halafu Limbu, ambaye nakiri hakuwa mtu mbaya, akakuna shingo akaongeza maneno yaliyotuvuruga kuliko yote yaliyotangulia. Alisema kuna sonara Mwanza anayejuana na watu wa kukusanya sarafu, watu wanaolipia picha badala ya uzito. Huenda wangetoa kitu cha maana, ingawa sasa imesuguliwa, ina makovu, na yeye mwenyewe ameitoboa. Huyo sonara hupita Katoro mara chache, labda mwezi ujao, labda baada ya hapo. Baba akasema tusubiri. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa wiki ile iliyofuata, na Bibi alikuwa amesikia neno moja tu: imetobolewa.

Karasha zilikuwa zikisaga. Nilimwona Bibi akitazama kijishimo kile cha karibu na mkia, kisha akatazama vichwa vyetu viwili. Na akafikia uamuzi ambao nadhani hakuna bibi wa kabila jingine duniani angeufikia. Alisema kosa halikuwa la Mangi wala la Masanja wala la Limbu. Kosa lilikuwa la siku ya kwanza. Zawadi ya mapasa ilikuja moja, na kitu kilichokuja moja kitatuzungusha moja moja mpaka tuishe. Akamwambia Limbu aikate katikati.

Baba akasimama. "Mayu, mama yangu, ngoja kwanza."

"Nimengoja tangu walipozaliwa."

Limbu alimtazama kwa huruma ya kitaalamu. "Bibi, nikiikata si hela tena. Hata huyo wa Mwanza hataitaka."

"Na usipoikata si ya mapasa."

Nilikuwa nimekaa pale na Kulwa, mikono yetu imeshikana chini ya kikapu, na sikujua nimwombee nani ashinde. Limbu alimtazama Baba. Baba alimtazama mama yake, akakaa. Msumeno ulikuwa mwembamba kama unywele, na ulichukua muda. Ulipita kwenye tumbo la kifaru, ukatoka kwenye shingo ya rais upande wa pili. Kulwa akapata kichwa na pembe, mimi nikapata makalio na mkia na kijishimo, jambo ambalo amenicheka kwalo maisha yake yote. Limbu alikataa malipo. Alifagia tu ule unga mweupe ulioanguka mezani kwa brashi ndogo, akautia kwenye kikopo chake, akasema huo unatosha. Bibi akashukuru, akasema wabeja, akafunga kila nusu kwenye pindo lake, pindo la kulia na pindo la kushoto, akatembea mpaka kituoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani ndipo tulipojua kwamba Bibi hakuwa amemaliza kukata. Akiba ya Baba ilikuwa bado ya mtoto mmoja, na vipande viwili vya kifaru havikuongeza hata soksi. Basi akasema: kama kifaru amegawanyika, shule nayo itagawanyika. Tulikuwa tunafanana hata Mama alituita kwa kukisia. Tukaandikishwa mmoja, kwa jina la Kulwa, tukashonewa sare moja, na tukaenda kwa zamu. Jumatatu Kulwa, Jumanne Doto, na kuendelea hivyo, Ijumaa tukipokezana wiki hadi wiki. Aliyebaki alilima na kuchota maji. Aliyekwenda alirudi na kumfundisha mwenzake nje ya jiko, kwa mkaa juu ya ukuta, mpaka ukuta wa Mama ukawa na ramani ya Afrika na mfumo wa chakula wa mtu bila kichwa. Nawaambieni, hakuna mwanafunzi aliyewahi kusikiliza darasani kama mimi nilivyosikiliza, maana nilikuwa nasikiliza kwa masikio manne. Nikisahau kitu, Kulwa hakukipata kabisa. Hata leo kuna mada ninazozijua kwa sauti ya mwalimu na mada ninazozijua kwa sauti ya Kulwa, na za Kulwa ndizo zilizokaa.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya mguu. Jumatatu moja Kulwa aliteguka kifundo akirudi mpirani, akaja nyumbani anachechemea. Jumanne nikaenda mimi, nikakimbia mchakamchaka nikawapita wavulana. Jumatano Kulwa, ambaye asingekubali kuniachia siku yake hata angekatwa kichwa, akaenda anachechemea. Mwalimu wa zamu akamsimamisha.

"Wewe Kulwa. Huu mguu gani unaopona Jumanne na kuugua Jumatano?"

"Ni mguu wa zamani, mwalimu," Kulwa akajibu, na mpaka leo hajui alimaanisha nini.

Tukaitwa wote wawili pamoja na Bibi. Mkuu wa shule alikuwa mama mpole mwenye miwani, na alipotuona tumesimama pamoja kwa mara ya kwanza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bibi alifungua mapindo yake akaweka nusu mbili za kifaru juu ya meza, ili ieleweke. Mkuu wa shule alijitahidi sana kuelewa. Niliona uso wake ukijitahidi. Mwishowe akasema kwa upole kwamba shule haina namna ya kusomesha nusu ya mtoto, kwamba wote tuna akili, kwamba ada iliyolipwa ni ya mmoja, na huyo mmoja anaruhusiwa kuendelea hata leo hii, hatapata adhabu. Akauliza nani abaki.

Kulwa ndiye aliyevaa sweta la shule siku ile. Alilivua, akanipa. Nikamrudishia. Akanipa tena, nami nikamrudishia tena, sweta likienda na kurudi juu ya ile meza mpaka mkuu wa shule akageukia dirishani. Bibi akakusanya vipande vyake. Tulikwenda nyumbani wote, sweta likiwa mabegani mwa Bibi, na mwaka uliofuata maduara yalimpa Baba kikohozi tu. Hivyo ndivyo ulivyokwisha msimu wetu wa kifaru.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema majirani. Mimi nilimaliza kidato cha nne baadaye sana, shule ya jioni hapa Shinyanga mjini, nikiwa na watoto wawili na kitambi cha chapati, nikikaa dawati moja na kijana aliyeniita Mama Mkwe ili nimpe majibu. Darasani kwetu kulikuwa na mwenzangu mwenye simu nzuri, na siku moja nilimwonyesha makalio ya kifaru. Tulitafuta mpaka tukamwona mzima, mikunjo yote ya ngozi ipo, ametulia kama siku ile ya kwenye ungo. Nikasoma kwamba sarafu zile zilitengenezwa kuwakumbusha watu wasiwamalize wanyama wa porini. Kwa hiyo Bibi hakukosea sana. Ama kuhusu bei, nilidhani sasa nitapata jibu, kumbe mtandao ni Mangi na Masanja waliokaa duka moja: huyu anauza kwa bei ya kuku, yule kwa bei ya ng'ombe, wa tatu anataka karibu lori. Nilimwandikia muuzaji mmoja aliyeonekana mtulivu. Alijibu kwamba nusu hainunuliwi ila kwa uzito. Nzima, ambayo haijasuguliwa, kwenye kikasha chake, kwa miaka ile, ingefika kiasi fulani. Nilikitazama kiasi hicho muda mrefu. Haikuwa pipi na haikuwa lori. Ilikuwa, zidisha punguza, ada ya mtoto mmoja wa shule ya kutwa, mwaka mmoja, pamoja na sare.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Ushirombo kumtembelea Kulwa, aliyeolewa huko kwenye familia ya wakulima, watu wa kanisa na mahindi. Watoto wake wote wako sekondari. Siku hizi shule za serikali hazitozi ada. Wanaondoka asubuhi kila mmoja na sweta lake, wanalalamika kwamba ni mbali, na sisi wawili tunawatazama kama watu wanaotazama ndege ikipita. Tuliketi jikoni, yeye akaleta kichwa chake, mimi makalio yangu, tukavisogeza pamoja juu ya sinia. Havikukutana. Msumeno wa Limbu ulikuwa umekula kiuno, na kati ya vipande kulikuwa na mstari mwembamba wa sinia. Ndipo nikamweleza nilichokipata kwenye simu, nikicheka, kwa sababu mambo kama hayo mimi huyasema nikicheka.

Kulwa hakucheka. Alimimina chai vikombe viwili, akavitazama kama vimelingana, akaongeza kidogo kwenye changu.

"Kwa hiyo angekuwa mzima, angesomesha mmoja wetu."

"Angemsomesha."

"Yupi?"

Nikamwambia anipe sukari.